Mashine Isiyo na Kelele

Kindu, Mikelenge
9 Juni 1974

Baba Mbaraka,

Assalaam aleikum. Sisi wazima, mama yako mzima, na ule ukuta wa nyuma ulioapa kuutengeneza kabla ya kwenda Bukavu bado unakungoja. Salamu zimekwisha, sasa nina shida.

Mbaraka aliumwa koo mwezi uliopita. Usishtuke. Alipelekwa hospitali, daktari akamshughulikia, nafuu ipo. Ila kikohozi kimebaki, na kiangazi kimeingia na vumbi lake. Muuguzi wake, Elisabeth, anasema hewa kavu ni adui wa koo la mtoto huyu. Natundika vitambaa vilivyolowa chumbani. Jua likipanda kidogo tu vimeshakauka. Sufuria ya maji juu ya makaa nimekatazwa, kwa sababu ya moshi.

Elisabeth anasema iko mashine ambayo Wazungu walikuwa wakiiweka chumbani kwa watoto wao. Unatia maji, unaichomeka kwenye umeme, nayo inatoa unyevu kidogo kidogo mchana kutwa. Hospitali walikuwa nayo moja, imekufa. Hapa Kindu nimeuliza kila duka, hata yale ambayo serikali imewanyang'anya wageni na kuwapa wenyewe wapya mwaka huu, wananitazama kama mtu aliyeomba kununua mwezi. Huko Bukavu ndiko Wazungu walikoacha majumba yao. Nitafutie.

Iwe ya bei tunayoiweza, maana najua mshahara wa bohari ya Mama Kyakimwa si wa kunenepesha mtu. Na isiwe na kelele. Hilo nimeliandika mwisho lakini ndilo la kwanza. Hata ikiwa kuukuu, hata ikiwa na sura mbaya, isingurume. Tafadhali Masudi, hilo usilisahau.

Mpe Octave ailete. Huyo dereva hanywi njiani.

Mkeo,
Mwavita

*

Bukavu
20 Juni 1974

Mama Mbaraka,

Wa aleikum salaam. Barua yako imefika ikinuka samaki wa kukausha. Octave aliilaza kati ya mizigo. Anakusalimu. Siku hizi kitambulisho chake kimeandikwa jina la babu yake, kama serikali ilivyotaka, na akiitwa kwa jina hilo kwenye kizuizi anageuka kutazama ni nani anayeitwa.

Nimetafuta mashine yako. Katika barabara kuu kuna duka lililokuwa la Mgiriki, sasa amepewa citoyen mmoja, yaani mwananchi, kama tunavyoamriwa kuitana siku hizi, mwenye tumbo kubwa na roho nzuri, ambaye hajui nusu ya vitu alivyorithi. Nilimwonyesha kwa kidole.

“Hii iko nini, citoyen?”

“Sijue. Muzungu aliacha. Minafikiri iko feni ya maji.”

Kumbe ndiyo yenyewe. Na ziko mbili. Ya kwanza ni kubwa kama ndoo, nyeupe, ndani ina gurudumu linalozunguka na kupasua maji kuwa ukungu. Tuliichomeka, ikanguruma kama pikipiki inayopanda mlima, lakini ukungu ilitoa. Bei yake ni ya bure, maana hakuna anayeitaka. Ya pili ni ndogo, ya udongo uliong'arishwa, haina gurudumu. Inachemsha maji tumboni mwake na mvuke unatoka juu taratibu. Nilimwuliza kwa nini haifanyi kazi, kumbe ilikuwa inafanya kazi. Lakini bei! Yule bwana anaamini ni mashine ya kupikia kahawa, na ameipandisha mpaka darini.

Sasa nieleze, mke wangu. Sisi tumelala miaka yote karibu na garimoshi. Linapiga honi, Mbaraka anageuka ubavu wa pili. Hiyo kelele itamsumbua nani? Kama iko sababu, niambie, nitamwangukia Mama Kyakimwa anikopeshe. Kama hakuna, nitachukua kubwa na tutabakiwa na cha kununulia simenti ya ukuta unaonidai.

Na mtoto mwenyewe anasemaje? Mwulize anataka nimletee nini, uandike maneno yake kama alivyoyatamka. Nimeikosa sana sauti yake.

Masudi

*

Kindu
29 Juni 1974

Baba Mbaraka,

Mbaraka anakusalimu. Anasema anataka mpira.

Kuhusu kelele, ni mama yako. Umri umekwenda, usingizi wake mwepesi, na analala chumba kimoja na mtoto. Basi nunua ile ndogo. Sina maneno mengi leo, nina nguo za kufua. Nunua ile ndogo, Masudi, nakuomba.

Mwavita

*

Bukavu
8 Julai 1974

Mama Mbaraka,

Nimecheka peke yangu bohari mpaka Mama Kyakimwa akauliza kama nimepata malaria. Mama yangu na usingizi mwepesi! Mwanamke aliyelala upepo ulipong'oa bati za jirani, akaamka asubuhi kuuliza kwa nini watu wamejaa uani.

Nimenunua kubwa. Usinune. Ndogo ingetula mpaka mwezi wa kumi na mbili. Mwambie mama anisamehe, nimempelekea kitenge na pamba ya kuziba masikio. Mashine haina kifuniko, funika kwa kitambaa chepesi, na usiruhusu mtoto atie kidole kwenye gurudumu. Octave anaondoka kesho.

Jambo moja limenikaa moyoni. Mtoto wetu ameanza lini kutaka kitu kimoja tu? Nilipoondoka aliniagiza baiskeli, mbwa, na kofia ya polisi, akanifuata mpaka kivukoni Alunguli akiongeza. Mwambie aongeze.

Masudi

*

Kindu
18 Julai 1974

Masudi,

Mtoto yu hai. Naanza na hilo usije ukaruka mistari.

Sasa ukweli wenyewe. Mwezi wa tano Mbaraka alishikwa na ule ugonjwa wa koo unaoota utando na kufunga njia ya hewa. Alikuwa amegeuka rangi tulipomfikisha hospitali. Daktari alimkata hapa, chini ya koromeo, akamtia mrija wa chuma. Anapumulia hapo mpaka leo. Pua ndiyo hulowesha hewa ya watu wengine. Yake inaingia moja kwa moja, kavu, na makohozi yanaganda ndani ya mrija kama gamba. Ndani ya mrija huo umo mwingine mwembamba ambao nauchomoa, naosha, narudisha. Daktari mpasuaji wa huko Bukavu ndiye atakayeutoa, mwezi wa tisa, Mungu akitufikisha.

Na hewa ikitokea hapo haipandi kwenye sauti. Mtoto wako halii, Masudi. Haniiti. Akianguka anafungua mdomo, machozi yanatoka, na hakuna kitu kingine. Ule mpira niliutunga mimi.

Elisabeth alinifundisha kwa maneno machache. “Mama, kazi yako njo kusikiliza. Akipiga muluzi, njia inaanza kuziba. Akinyamaza, kimbia.” Basi napika nikisikiliza, nafua nikisikiliza. Wanawake wa chama cha serikali walikuja kunichukua twende tukaimbe na kucheza kumpokea mkubwa fulani uwanjani. Nilikataa, na jina langu wameliandika. Hizo ngoma zao zikilia, nambeba mtoto na kuweka kiganja mbele ya mrija, nihisi pumzi, kwa kuwa sikio langu limeshindwa.

Sasa unajua kelele inamsumbua nani.

Octave alileta mashine yako. Niliiwasha. Ukungu ulikuwa mzuri, sikatai. Mrija ulikaa na unyevu na mtoto akapata usingizi wa mchana ambao hakuupata wiki nyingi. Jumamosi, baada ya Salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia mtaa, alilala tena. Nilikaa nje chini ya dirisha nikimenya mihogo, mama yako alikuwa kwa jirani. Mashine ilinguruma. Nilijiambia nitaingia kila baada ya muhogo mmoja. Na nilikuwa nimechoka, Masudi, nimechoka vibaya. Nilimenya mitatu au minne.

Umeme ukakatika. Mtaa mzima ulilalamika kama kawaida, mtu akapiga kelele, “Imeenda tena!” Mashine ikazima. Nikangoja kumsikia mtoto. Hakuna mluzi, hakuna pumzi. Nilisikia kitu kingine, kofi dogo ukutani, kisha lingine. Alikuwa macho. Alikuwa anapiga ukuta kwa kiganja, ananiita, na sijui alikuwa amepiga mara ngapi kabla umeme haujakatika. Midomo ilikuwa ya buluu. Nilichomoa ule mrija wa ndani, umefungwa kabisa, na hewa ikaingia kwake kwa sauti ambayo sitaisahau.

Mtoto wangu ameokolewa na umeme kukatika. Tulivyoulaani umeme huu siku zote!

Tulikuficha kwa sababu mama yako alisema msafiri hapelekewi habari mbaya. Nami nilikubali, maana hata kwetu ni hivyo. Mtu akiwa mbali, hata kifo anaambiwa ni homa. Nimekuandikia homa, nawe ukaninunulia mashine ya mtu mwenye homa. Kosa si lako, lakini hasira bado ninazo, na sijui nizitue wapi.

Mama hajui kwamba nimeandika haya. Nitamwambia baada ya Octave kuvuka mto na barua hii.

Mwavita

*

Kindu
22 Julai 1974
HARAKA

Masudi mwanangu,

Mimi mama yako Aziza njo nasema. Assani mwalimu anaandika tu, na nimemukataza kupamba.

Muke wako aliniambia leo kwamba amekutumia habari yote. Nilimugombeza, akanijibu, mimi nikamuacha kwa sababu na yeye alikuwa analia. Sasa sikia. Usikuje.

Unajua baba yako alikufa katika maji ya muto Elila. Hujui kwa nini alikuwa katika maji. Alikuwa anauza nguo huko Pangi. Dada yako Zainabu akafa na surua, wewe ulikuwa ungali tumboni. Shemeji yangu akasema baba aandikiwe, ni haki yake. Wakaandika. Baba yako akasoma, hakungoja mvua ikatike, hakungoja mutu wa kuvusha. Akachukua mutumbwi wa watu na kuingia peke yake. Mutoto alikuwa amekwisha zikwa, alikuwa anakimbilia nini? Nilizika mutoto Jumatatu, Ijumaa wakaniletea kanzu ya baba yako. Yeye hakuonekana.

Tangu siku ile nilisema katika nyumba yangu hakuna mutu wa safari atapelekewa mabaya. Watu wanasema ni desturi ya wazee. Kwangu mimi si desturi, ni kanzu ile.

Kama una hasira, uwe na hasira huko huko Bukavu, uwe muzima. Tuma mashine ingine kama unaweza. Usipande lori. Nakuomba mimi niliyekuzaa.

Aziza

*

Bukavu
25 Julai 1974

Mwavita,

Niliisoma barua yako nimesimama mlangoni mwa bohari, nikaimaliza nimekaa juu ya gunia la maharagwe. Mama Kyakimwa aliniuliza habari za nyumbani, nikamweleza yote.

Nina hasira na wewe. Siwezi kukuficha, maana tumeona kuficha kunaleta nini. Mlinifanya mpumbavu. Nilikuwa napiga mzaha juu ya pamba ya masikio, na mwanangu anapiga ukuta! Ungeniandikia neno moja, “mrija”, ningeuza saa, ningeuza kitanda, ningelala chini ya lori. Nilikuuliza wazi kama iko sababu. Ulinijibu habari ya usingizi wa mama.

Halafu hasira inapungua nakuona umekaa na ile mihogo. Mimi ningemenya kumi.

Nilikimbia dukani. Ile ndogo haipo. Mke wa yule bwana ameipeleka nyumbani kupikia kahawa! Nilimsihi yule bwana, akasema kitu cha nyumbani hakirudi dukani. Nikarudi bohari nimeinama. Mama Kyakimwa alijifunga kitambaa kichwani, akaniambia, “Twende.” Alimkuta bwana nyumbani kwake, mezani, na kikombe mkononi.

“Citoyen,” akamwambia, “unakunywa ndani ya mashine ya hospitali? Ile walikuwa wanawekea wagonjwa wa kifua. Mimi siwezi hata kukaa karibu.”

Mwavita, yule bwana aliweka kikombe chini polepole. Mkewe aliileta mwenyewe, ameishika kwa kitambaa, na bei ilikuwa ya kuondoa balaa ndani ya nyumba. Nimeisugua kwa majivu na ndimu mpaka harufu ya kahawa imetoka. Nimeijaribu bohari. Inachemka taratibu. Mama Kyakimwa alikuwa anahesabu magunia pembeni na nilimsikia akipumua. Nikasema, basi, hii ndiyo.

Naileta mwenyewe. Octave anaondoka kesho alfajiri, nami nakaa mbele. Njia ya Kamituga na Kampene ni mbaya lakini ni fupi, nimemwambia apite hiyo. Hii barua inatangulia na mtu wa ndege. Ile kubwa usiiwashe tena, hata mara moja. Lowesha vitambaa, mshike kifuani, nakuja.

Masudi

*

Bukavu
31 Julai 1974

Mama Aziza,

Mimi ni Kyakimwa, mwenye malori. Hatujaonana, lakini mwanao ananifanyia kazi na ninamheshimu.

Barua yako imefika baada ya lori kuondoka. Uliandika HARAKA juu yake, kwa hiyo niliifungua, unisamehe. Nilipoisoma niliomba Mungu niwe na mabawa.

Leo amefika dereva mwingine kutoka upande ule. Anasema daraja la magogo kabla ya Kampene limevunjika, na lori letu liko chini mtoni, magurudumu juu. Hakukuta watu. Hajui kama walichukuliwa, na wamechukuliwa wakiwa namna gani. Nimetuma mtu.

Kwetu Wanande pia hatuandiki habari kama hizi. Tunangoja, tunatuma mjomba, anakuja anakaa, anaomba maji ya kunywa, ndipo anasema. Nilitaka kungoja. Lakini naona katika nyumba yenu kunyamaza kumekwisha fanya kazi ya kutosha. Ninachojua ndicho hicho nilichoandika. Sijaficha kitu nyuma yake.

Nampa padri anayepanda ndege ya leo.

Kyakimwa

*

Kampene
1 Agosti 1974

Mwavita, na mama pia, asomewe yote,

Mimi ni mzima isipokuwa mguu wa kushoto. Umevunjika chini ya goti, mahali pawili, na mfupa ulitoka nje. Nauandika hivyo mjue kwamba hakuna kingine. Octave amevunjika mbavu, anacheka kwa taabu. Hakuna aliyekufa. Daraja lilikatika lori likiwa katikati, nasi tukashuka nalo. Kijito kina maji ya kufika kiunoni tu. Mkimwona mtu anasema tulizama, mkatalieni.

Muuguzi wa hapa mgodini amenifunga kwa vipande vya mbao. Anaogopa kidonda kisioze. Naogopa pia. Nina homa tangu jana. Nawaambia kwa sababu nimechoka na barua ambazo mtu anazisoma akitafuta kilichojificha.

Mashine haikuvunjika. Nilikuwa nimeipakata, nimeizungushia blanketi langu, na lori lilipoanza kulala niliikumbatia kwa mikono miwili. Ndiyo maana sikujishika mwenyewe. Imemeguka ukingo kidogo tu.

Nampa Zuberi, kijana anayebeba mizigo kwa baiskeli mpaka Alunguli. Anapita Pangi, atavuka Elila kwa kivuko cha watu, si peke yake.

Iweke juu, mbali na mikono ya mtoto, mvuke wake unaunguza. Usitie maji ya mvua, yanakataa kuchemka. Tia ya kisima, na yakisuasua ongeza chumvi kidogo, chembe tu. Mama Kyakimwa aliniambia nikunong'oneze kwamba mke wa yule bwana ndiye aliyegundua hilo. Kahawa yake ilikuwa na chumvi.

Niandikie mtoto alivyo. Akiwa mbaya, andika mbaya.

Masudi

*

Kindu
10 Agosti 1974

Baba Mbaraka,

Barua ya Mama Kyakimwa ilitangulia yako. Mwalimu Assani alitusomea: lori mtoni, magurudumu juu. Mama yako hakulia. Alikaa mkekani, akavua bangili, akaanza kuuliza majirani nani yuko karibu na Elila, kana kwamba ni mto ule ule uliomchukua baba yako. Nilimkuta anajibu mwenyewe. Nami nilikuwa na mtoto kifuani, siwezi kupiga yowe hata nikitaka, kwa kuwa ningepiga yowe nisingemsikia. Nilifanya matanga yako kwa kimya, Masudi.

Kisha Zuberi akaingia uani na baiskeli, na juu ya baiskeli blanketi lako limefungwa kamba. Mama yako aliliona akaanguka. Alidhani ni yale yale ya zamani, wamemletea nguo bila mtu. Kijana wa watu akaacha baiskeli ikaanguka upande, akamkimbilia, “Mama! Mama, mwenyewe iko! Iko Kampene, amevunjika muguu tu! Hii iko mashine!”

Mama ameomba asomewe ule mstari wa mfupa mara mbili. Akasema, “Huyu amesema yote. Basi yuko hai.” Akarudisha bangili mkononi. Halafu akanishika mkono, mbele ya watu, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nilipoolewa.

Mashine nimeiweka juu ya kabati. Niliitia maji ya kisima na chumvi chembe, ikakaa kidogo, kisha mvuke ukaanza kutoka. Nilikaa kitandani nikasikiliza. Nilimsikia Mbaraka akivuta, akitoa. Nilimsikia mama yako akisali chumba cha pili. Juzi nikiwa jikoni nikasikia mluzi mwembamba kabisa, nikatoka mbio na kuuchomoa mrija kabla hata yeye hajajua. Sasa nakula chakula nikijua ladha yake.

Uliniambia niandike mabaya. Amekonda. Usaha kidogo pembeni mwa kidonda, Elisabeth anausafisha. Na anakutafuta. Akiliona blanketi lako ananionyesha mlango.

Wewe je, homa?

Mwavita

*

Bukavu
28 Septemba 1974

Mama,

Assalaam aleikum. Naandika kwa mkono wangu, mwanao amekaa hapa ananiangalia nisifiche.

Mguu wake umeunga vibaya. Daktari anasema atachechemea maisha yake yote, na hakuna la kufanya. Anatembea na gongo. Mama Kyakimwa amemhamishia mezani, kwenye karatasi, na anajifanya anamwadhibu.

Mbaraka alizibwa mrija Jumanne, hapa hospitali kwa yule daktari mpasuaji. Hawautoi kwanza, wanauziba kwa kizibo, waone kama mtoto atakumbuka njia yake ya zamani. Nilikatazwa kuuzibua mpaka waseme wao. Alivuta kwa mrija, hakuna. Akanitazama. Mama, nilimshika mikono asiutoe, mimi mwenyewe, na alinitazama kama adui. Kisha puani pakatokea sauti, na kifua kikapanda. Jana wameutoa. Tundu limefunikwa kitambaa, litajifunga lenyewe, wanasema, na tuangalie sana kovu lisije likavuta njia ikawa nyembamba. Hatari haijaisha. Nakuandikia hivyo ilivyo.

Sauti haikurudi. Jana hakuna, leo asubuhi hakuna. Daktari alisema huenda imepotea, au mtoto amesahau kuitafuta. Masudi alitoka nje akakaa kwenye ngazi.

Adhuhuri baba yake aliporudi, Mbaraka alilitaka gongo. Masudi alimpa. Muuguzi akapita, akamnyang'anya, akasema si kitu cha kuchezea. Mtoto akafungua mdomo, nami nikajiandaa kuona machozi yake ya siku zote. Akalia! Sauti mbaya, ya kukwaruza, sauti ya mlango wa zamani, lakini ilijaza wodi nzima. Mwanamke wa kitanda cha pili alikuwa na mgonjwa wake aliyelala, akanigeukia:

“Mama, mutoto analia! Unamuangalia tu? Umunyamazishe!”

“Muache,” nikamwambia. “Nakuomba mama, muache alie.”

Masudi aliteremka kando ya kitanda mpaka sakafuni, mguu wake mbovu umenyooka mbele, na mikono usoni. Watu walidhani tumefiwa. Mbaraka alilia mpaka akachoka mwenyewe, na muda wote huo hatukumgusa.

Mkweo,
Mwavita